Kikao cha Dharura Kuhusu Nani Aruhusiwe Kuiamrisha Pampu Namba Mbili

JUMUIYA YA WATUMIA MAJI TUINUANE, MSALATO
KAMATI YA UENDESHAJI

Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, katika ofisi ya Jumuiya iliyo ndani ya jengo la pampu.

WALIOHUDHURIA
1. Mzee Sostenes Chidumizi – Mwenyekiti
2. Bi. Joha Mrisho – Makamu Mwenyekiti
3. Bi. Emiliana Masinjisa – Katibu
4. Bi. Lea Mbwambo – Mjumbe (mtaalamu wa mifumo ya kompyuta, mtumishi wa serikali, Mtumba)
5. Bw. Ernest Ndahani – Mjumbe na msimamizi wa kompyuta ya Jumuiya

WAALIKWA (wasiopiga kura)
6. Bw. Gaudence Komba – Fundi wa pampu
7. Bi. Restuta Rwegasira – Karani

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
8. Bw. Iddy Athuman – Mjumbe (yuko msibani Kondoa)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilipangwa kuanza saa 4:00 asubuhi. Kilianza saa 4:50 kwa sababu Mwenyekiti alikaa ndani ya gari lake nje ya ofisi akitaka kwanza aambiwe ni nani aliyemwalika Fundi. Makamu Mwenyekiti alitoka kumweleza kwamba ni yeye. Mwenyekiti aliingia na kuketi bila kusalimia. Bi. Restuta alimwamkia shikamoo na hakujibiwa.

Bi. Restuta aliombwa aongoze sala kama ilivyo kawaida, akasema leo hawezi. Wajumbe walinyamaza kwa dakika moja, kila mtu kwa imani yake.

Katibu alieleza sababu ya kikao. Tarehe 22 Mei 2025, saa 3 na robo asubuhi, mota ya pampu namba mbili iliwaka bila kuwashwa na Fundi, wakati Fundi ameingiza mkono akibadilisha mkanda wa mota. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Mkanda ulikatika na mota ikaharibika. Tangu siku hiyo Fundi amekataa kuigusa pampu hiyo, na kaya mia tatu na kumi zinapata maji siku moja kati ya nne.

Mwenyekiti alipendekeza ajenda ya kwanza iwe kutafuta fundi mwingine. Makamu alisema ajenda zilishasambazwa na hiyo haimo. Mwenyekiti alisema katika kikao anachokiongoza yeye, ajenda ni zile anazozisema yeye. Bi. Lea aliomba maneno hayo yaandikwe kama yalivyosemwa. Yameandikwa.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TAREHE 15 FEBRUARI 2025

Katibu alisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, ikiwemo sentensi isemayo: "Iliazimiwa kwamba watumiaji wote wa kompyuta wapewe urahisi wa kutumia mfumo." Mwenyekiti aliuliza kama kuna marekebisho, na kabla hajajibiwa akasema hakuna, tuendelee.

Bi. Lea alisimama na kusema yapo. Alieleza kwamba sentensi hiyo inaficha jambo, na ili jambo lenyewe lieleweke aliomba kwanza aeleze kompyuta inavyofanya kazi, kwa kuwa si wote walioelewa mwezi Februari.

Alieleza kwamba kompyuta moja ya ofisi ndiyo inayoongoza pampu zote mbili pamoja na printa ya karani. Katika mfumo endeshi wa kompyuta hiyo, kila kifaa kilichochomekwa huonekana kama faili. Anayechapa karatasi, kwa kweli anaandika kwenye faili la printa. Anayewasha pampu anaandika kwenye faili la pampu. Mfumo hautazami cheo cha mtu wala nia yake. Unatazama orodha ya ruhusa tu, kwamba nani anaweza kusoma faili hili na nani anaweza kuliandikia. Mwenye ruhusa ya kuandika ndiye mwenye amri juu ya kifaa.

Aliendelea kwamba hadi Februari, aliyeweza kuandika kwenye mafaili ya pampu alikuwa Bw. Ernest na Fundi peke yao. Katika kikao cha Februari Mwenyekiti alilalamika kwamba anashindwa kuwasha pampu akiwa nyumbani kwake Miyuji, akamwagiza Bw. Ernest afungue vyote. Bi. Lea alipinga. Pingamizi lake halimo katika kumbukumbu zilizosomwa.

Mwenyekiti alisema hakumbuki pingamizi lolote.

Bi. Lea alimwomba Katibu alete daftari la rasimu. Mwenyekiti alisema daftari la rasimu si waraka wa kikao. Makamu alimwambia Katibu alete. Katibu alisoma ukurasa wa tarehe 15 Februari, mstari wa kumi na moja, ulioandikwa hivi: "Lea: tukifungua vyote, hata karani wa printa anaweza kuiamrisha pampu bila kujua. Asifungue. M/kiti: hayo ni mambo ya vitabuni."

Katibu aliulizwa kwa nini mstari huo haukuingia. Katibu alikiri kwamba Mwenyekiti alimpigia simu siku iliyofuata na kumwambia mambo ya kompyuta yatawachanganya wanachama, ayafupishe. Katibu aliyafupisha. Aliulizwa na Fundi kama alijua anachokifanya. Katibu alijibu kwamba alijua anamfurahisha Mwenyekiti, na kwamba zaidi ya hapo hakujiuliza. Katibu aliomba kosa lake liandikwe hapa kwa mkono wake mwenyewe, na ndivyo ilivyofanyika.

Kumbukumbu za Februari zilirekebishwa kwa kuingizwa mstari huo, kisha zikathibitishwa. Mwenyekiti alisema anathibitisha huku akijua anasingiziwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: TAARIFA YA AJALI

Bw. Ernest alieleza kilichotokea. Mwezi Februari, baada ya kupigiwa simu na Mwenyekiti mara nne kwa siku moja, aliandika kanuni ya mstari mmoja inayompa kila mtumiaji ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye mafaili yote ya vifaa. Ilimchukua dakika mbili. Alisema ameitazama kanuni hiyo kila siku tangu ajali, na kwamba hakuna mtu aliyeshika mkono wake wakati anaiandika.

Mwenyekiti, ambaye ni mjomba wake, alimwambia asijitie msiba usio wake.

Bw. Ernest aliendelea kwamba mfumo huvipa vifaa namba kwa kufuata kile kinachoonekana kwanza. Siku zote printa ilikuwa sifuri na pampu namba mbili ilikuwa moja. Asubuhi ya tarehe 22 Mei umeme ulikatika na kurudi. Kompyuta ilipowaka iliiona pampu kwanza, ikaipa sifuri. Bi. Restuta alipochapa ratiba ya mgao kama anavyofanya kila Alhamisi, kazi yake ilikwenda kwenye faili namba sifuri. Kama ruhusa zingekuwa zile za zamani, mfumo ungemkatalia, naye angedhani printa ni mbovu na kumwita Bw. Ernest. Kwa kuwa kila mtu aliruhusiwa, maandishi yalipita.

Makamu aliuliza inawezekanaje ratiba ya mgao iwashe mota. Bw. Ernest alijibu kwamba kidhibiti cha pampu alikitengeneza kisome herufi moja tu ya mwanzo: W ni washa, Z ni zima. Kichwa cha ratiba kinaanza na maneno WATUMIA MAJI.



Bi. Restuta aliomba kuzungumza. Alisema alibonyeza mara moja, karatasi haikutoka, akasikia mota inanguruma upande wa pili wa ukuta. Alifikiri Fundi amemaliza kazi na anaijaribu, akafurahi. Kisha akasikia Fundi anaita. Alisema tangu siku ile hajaigusa kompyuta na ratiba anaiandika kwa mkono, na akiulizwa anajibu printa ni mbovu. Alimgeukia Fundi akasema, "Kaka Gaudence, ni mimi niliyebonyeza. Watu wananiambia si kosa langu, lakini kidole kilikuwa changu."



Mwenyekiti alisema kwamba kwa maoni yake kosa ni la Fundi, kwa kuwa fundi yeyote huteremsha swichi kuu kabla ya kuingiza mkono. Bw. Gaudence alisimama. Alisema swichi kuu ni moja kwa pampu zote mbili. Alisema ameomba swichi ya pili tangu mwaka jana, kwa maandishi, na nakala anayo mfukoni. Alisema Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyebandika karatasi juu ya swichi hiyo, inayosema isiteremshwe mchana kwa sababu pampu namba moja inapeleka maji zahanati. Karatasi bado ipo. Bi. Joha alikwenda chumba cha pampu, akaibandua na kuiweka mezani. Ina saini ya Mwenyekiti na mhuri wa Jumuiya.

Bw. Gaudence alisema: "Mzee, ulinikataza kuzima kwa mkono, ukawaruhusu watu wote kuwasha kwa kompyuta. Nilibaki na nini?"

Mwenyekiti aligonga meza na kusema hawezi kuhojiwa na mwajiriwa. Katibu alielekezwa asiandike kwamba meza iligongwa. Katibu ameandika.

KUMB. NA. 4/6/2025: SERA MPYA YA RUHUSA KWA MAFAILI YA VIFAA

Bi. Lea aliwasilisha rasimu ya sera. Alisema msingi wake ni mmoja: kifaa kinapochomekwa, faili lake lianze bila mtu yeyote kuruhusiwa, kisha ruhusa itolewe kwa jina na kwa sababu. Hadi sasa Jumuiya imefanya kinyume, imefungua kwanza na kusubiri kuona nani ataumia.

Ilikubaliwa kwamba namba zisitumike tena kuvitambua vifaa. Kila kifaa kitapewa jina la kudumu kwa kufuata namba ya kiwandani iliyo ndani yake, ili printa ibaki printa na pampu ibaki pampu hata umeme ukikatika mara kumi. Bi. Restuta atakuwa katika kundi la printa na si kundi jingine lolote. Kundi la pampu litakuwa la Bw. Ernest na Bw. Gaudence. Mtu hatakuwa katika makundi yote mawili. Bw. Ernest alikumbusha kwamba yeye huchapa pia, akaambiwa atampelekea Bi. Restuta amchapie.

Kusoma na kuandika vilitenganishwa. Wajumbe wote wa Kamati watasoma hali ya pampu na kina cha tangi wakiwa popote, kwa kuwa kusoma hakumkati mtu vidole. Maneno haya ya mwisho ni ya Bi. Lea, na Mwenyekiti aliomba yafutwe. Hayakufutwa.

Bw. Ernest aliahidi pia kubadilisha kidhibiti kisikubali tena herufi moja, bali amri ndefu inayotaja jina la pampu.

Bw. Gaudence aliuliza kama yeye akiwa ndani ya chumba cha pampu anaweza kumnyima ruhusa hata Ernest. Bw. Ernest alieleza kwamba itawekwa kufuli ya fundi: Fundi akiifunga, kundi lote la pampu linaondolewa ruhusa mpaka aifungue mwenyewe. Bw. Gaudence aliuliza tena, "Na ile akaunti yako kubwa?" Bw. Ernest alikiri kwamba mtumiaji mkuu wa mfumo hazuiliwi na ruhusa ya faili lolote.

Bw. Gaudence alisema kwa sauti ya juu kwamba basi mlango anafungiwa yeye na ufunguo unabaki kwa Ernest, na kama hilo ndilo walilomwitia, anakwenda zake. Alichukua kofia. Bi. Lea alimwomba akae, akasema ana haki ya kukasirika na kwamba hatamdanganya. Ruhusa za mafaili humzuia anayekosea na anayejipenyeza. Hazimzuii msimamizi wa kompyuta. Kwa hiyo sera isisimame peke yake. Alipendekeza kila pampu iwe na swichi yake ya chuma yenye tundu la kufuli, na ufunguo awe nao Fundi peke yake mfukoni kila anapofanya kazi. Na nenosiri la mtumiaji mkuu ligawanywe vipande viwili, kimoja kwa Bw. Ernest na kingine kwa Bi. Joha.

Bw. Gaudence alikaa. Kofia aliendelea kuishika.

KUMB. NA. 5/6/2025: OMBI LA MWENYEKITI LA KUTOHUSISHWA NA SERA

Mwenyekiti alisema sera ni nzuri kwa watu wengine, lakini akaunti yake ibaki na ruhusa ya kuandika kwenye pampu zote. Alikumbusha kwamba tarehe 9 Machi bomba lilipasuka njia ya kwenda tangini, Ernest akiwa safarini na Fundi akiwa kanisani simu imezimwa, na ni yeye aliyeizima pampu kutoka Miyuji. Bila yeye maji yangemwagika bure siku nzima.

Bi. Lea alikiri kwamba hilo ni kweli na kwamba Mwenyekiti alifanya vizuri. Alisema ugumu ni kwamba faili halijui tofauti ya kuzima na kuwasha. Linajua kuandikiwa tu. Anayeruhusiwa kuandika Z ameruhusiwa kuandika W.

Bw. Ernest alipendekeza itengenezwe programu ndogo yenye ruhusa ya kuandika kwenye pampu, ambayo kazi yake ni kuzima na hakuna kingine. Wajumbe wasiguse faili; waiombe programu hiyo, nayo izime. Kila mjumbe ataweza kuzima pampu akiwa popote. Kuwasha kutabaki kwa kundi la pampu.

Mwenyekiti aliuliza kama amefanywa mlinzi wa kuzima taa. Alisema: "Jumuiya hii nimeianzisha kwa miguu yangu, mlango kwa mlango, wengine hapa mkiwa bado hamjahamia Dodoma. Leo kompyuta ndiyo iniambie sina ruhusa?"

Bi. Joha alijibu: "Si kompyuta, Mzee. Ni sisi."

Mwenyekiti alitaka kura akisema anawajua watu wake. Waliokubali kwamba sera isimwache nje mtu yeyote, akiwemo Mwenyekiti, waliombwa kunyoosha mikono. Bi. Lea na Bi. Joha walinyoosha. Katibu alinyoosha. Mwenyekiti alimtazama Bw. Ernest na kumwuliza ni nani aliyemsomesha chuo. Bw. Ernest alisema, "Ni wewe, mjomba, nami sijasahau," akanyoosha mkono. Waliokubali ni wanne, aliyekataa ni mmoja.

IMEAZIMIWA kwamba sera ianze kutumika leo kabla kikao hakijafungwa, na swichi mbili za chuma zifungwe kabla ya Ijumaa tarehe 20 Juni. Mwenyekiti alitoka nje. Alirudi baada ya dakika kumi na tano.

KUMB. NA. 6/6/2025: MAJARIBIO YA SERA

Wakati wajumbe wakisubiri, Bw. Ernest aliifuta kanuni ya mstari mmoja na kuweka mpya, Bi. Lea akisoma kila mstari kabla haujahifadhiwa. Pampu namba moja ilizimwa kwa muda baada ya zahanati kupigiwa simu. Mota mbovu ya namba mbili ilitenganishwa na mahali pake pakafungwa taa, ili amri ikipita taa iwake. Fundi alisimama mlangoni pa chumba cha pampu akiitazama.

Mwenyekiti aliomba ajaribu yeye kwanza. Aliingia kwa nenosiri lake na kutoa amri ya kuwasha. Kompyuta ilijibu kwamba ruhusa imekataliwa. Alitoa amri tena, ikajibu vilevile. Alitoa mara ya tatu akibonyeza kwa nguvu. Taa haikuwaka. Kwenye rejesta ya mfumo majaribio yote matatu yameandikwa kwa jina lake na kwa saa. Kisha alijaribu programu ya kuzima, ikakubali mara ya kwanza. 

Bw. Gaudence alisema jaribio hilo halimtoshi, kwa sababu si Mwenyekiti aliyewasha siku ile. Alimwomba Bi. Restuta akae kwenye kiti chake, achape ratiba ileile, na Bw. Ernest aielekeze kwa makusudi kwenye faili la pampu namba mbili. Bi. Restuta alikataa. Makamu alisema hapaswi kulazimishwa. Bi. Restuta alikuwa analia na Katibu alimpa kitambaa.

Bw. Gaudence alitoka mlangoni akaja kusimama karibu na meza yake. Alisema: "Dada, hasira zangu zina mtu wake, na si wewe. Lakini mimi sitashuka mle chumbani mpaka nione ratiba yako inakataliwa. Bonyeza."

Bi. Restuta alikaa. Ilichukua muda. Bw. Gaudence alirudi mlangoni. Bi. Restuta alibonyeza, na kompyuta ikaandika kwamba ruhusa imekataliwa. Wote walimtazama Fundi. Fundi alisema taa haijawaka. Bi. Restuta aliomba abonyeze tena, akabonyeza tena, na ikakataliwa tena. Kisha Bw. Ernest alirudisha kazi yake kwenye printa, na ratiba ya mgao wa wiki ijayo ikatoka.

Bi. Restuta aliipeleka nje akaibandika ubaoni mwenyewe.

KUMB. NA. 7/6/2025: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Makamu aliuliza kama Mwenyekiti ana neno kwa Fundi. Mwenyekiti alisema, "Gaudence, pole."

Bw. Gaudence alisema pole amezipokea nyingi, hospitalini, kanisani, hata kwa watu asiowajua njiani, na amewashukuru wote. Alisema mtu aliyeumia hupewa pole na yeyote anayepita. Aliyemuumiza husema neno jingine, naye amekaa wiki tatu akilisubiri, na mke wake anamfunga vifungo vya shati kila asubuhi.

Mwenyekiti alisema alilosema limetosha na kwamba muda umekwenda. Aliwauliza wajumbe kama kuna hoja nyingine. Hakukuwa na hoja. Alimuuliza Fundi kama sasa wananchi watapata maji au la.

Bw. Gaudence alisema: "Swichi ikifungwa Ijumaa, Jumamosi nashuka, na Jumatatu kaya zote zitakuwa na maji. Pampu nitaitengeneza. Wewe bado sijakusamehe."

Mwenyekiti alitamka kwamba kikao kimefungwa, saa 9:20 alasiri.

Kumbukumbu hizi zilisomwa mbele ya waliohudhuria siku ileile kabla ya kutawanyika. Mwenyekiti alitaka Kumb. Na. 7 iondolewe, akakataliwa na wajumbe wanne. Alitia saini.

Sostenes Chidumizi (saini)
MWENYEKITI
14/06/2025

Emiliana Masinjisa (saini)
KATIBU
14/06/2025